Miwani ya Karatasi na Talaka ya Tatu

Sehemu ya Sita

Umeme ulikatika!

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji, na najua wengine mmeninunia. Waziri mwovu alikuwa keshatia sumu kwenye kikombe. Malkia alikuwa kasogea penye nguzo. Sheikh Msabah, ambaye hajapata kuingia senema tangu azaliwe, alikuwa kaikaza miwani puani. Na ndoa ya Shariffa ilikuwa inangoja mkono wa Malkia uende wapi.

Pakawa kiza, totoro.

Kwa aliyelikosa gazeti, mambo yenyewe ndiyo haya. Thuwaini, fundi saa wa Mkunazini, ni kijana mzuri lakini hauwezi ulimi wake. Alikaa barazani akabishana na rafiki yake Pandu, mshona suti, juu ya filamu inayooneshwa Senema Marijani. Ni filamu ya kizamani, ya wafalme na majoho na mapanga, ile ambayo wanasema vitu vinatoka kitambaani vikakujia usoni. Pandu akasema Malkia kanywa sumu akafa. Thuwaini akasema hakunywa. Pandu akasema kanywa, na kama hakunywa atanyoa masharubu yake, masharubu yanayojulikana mpaka Jambiani.

Thuwaini akasimama. Angekohoa tu yangekwisha. Badala yake akasema, mbele za watu, "Kama Malkia kanywa sumu ile, basi mke wangu kaachika!"

Talaka ya kwanza aliitoa kwa ajili ya kasuku. Ya pili kwa ajili ya mchuzi uliozidi chumvi. Mara zote mbili alimrejea mkewe huku analia. Lakini hii ni ya tatu. Ikisimama, hawezi kumrejea mpaka Shariffa aolewe na mume mwengine, na mume huyo naye amwache. Tangu siku ile Shariffa yuko Malindi kwa shangazi yake, na hakuna ajuaye kama ni mke wa mtu au si mke wa mtu.

Mtauliza, vipi watu watazame filamu moja waone mambo mawili? Ni miwani. Filamu ile inataka miwani ya karatasi, jicho moja jekundu, jicho moja kijani. Sanduku la miwani liliingia maji ya chumvi safarini na nyingi zikaoza. Abrahman, mpiga senema wa Marijani, akaona asitie watu hasara ya furaha. Akachukua mkasi akaikata kila miwani katikati, kila mtu jicho moja.

Mji mzima ukatazama kwa chongo.

Waliopata jekundu wanasema kuna mkono umetoka nyuma ya nguzo ukabadilisha vikombe. Waliopata kijani wanasema hakuna mkono wala kidole, ni nguzo tu. Thuwaini alipata jekundu. Pandu alipata kijani. Na Shariffa mwenyewe, maskini, alipata kijani.

Miwani nzima ilikuwa moja tu, ile iliyotundikwa mlangoni kuwa tangazo, na hiyo kapewa Sheikh Msabah aangalie kwa macho yote mawili atoe hukumu. Filamu inapanda meli kesho kwenda Mombasa. Onesho lililobaki ni la leo mchana, nalo ni zanana, la wanawake tupu, hakuna mwanamme anayeingia. Ndiyo maana Sheikh, Thuwaini na Pandu wamebanana chumba cha mashine pamoja na Abrahman. Wanachungulia kwenye kidirisha, na kanga imetungikwa nje chini ya kidirisha ili wasione kitu ila kitambaa cheupe cha mbele. Wanawake humo ndani washavua mabuibui.

Basi turudi kizani.

"Abrahman!" Sheikh aliita.

"Naam, Sheikh."

"Umezima wewe?"

"Sikuzima mimi. Umezimika mtaa mzima."

Huko ukumbini wanawake walianza kupiga makofi na kuimba jina la Abrahman kama wanamchezea ngoma. Mtoto mmoja akalia. Mtu akamwaga karanga.

"Nani ananishika pua?" aliuliza Sheikh.

Kizani mtu akajikwaa kwenye ndoo ya mchanga.

"Nimeuliza, nani ananishika pua?"

"Mimi mikono yangu iko kwenye mashine," alisema Abrahman.

"Yangu iko kichwani," alisema Thuwaini. "Nnasoma dua."

Pandu alikaa kimya.

Umeme ukarudi! Mashine ikakohoa, ikaanza kuzunguka yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Wote wanne wakakimbilia kidirisha, vichwa vikagongana.

"Subhanallah," alisema Sheikh Msabah. "Nawaona Malkia wawili."

"Wawili?"

"Mmoja mwekundu, mmoja kijani. Wanakwenda pamoja kama pacha. Yupi ndiye?"

Thuwaini akamgeukia. Akapiga ukelele ambao hata shangazi yake Shariffa kule Malindi nadhani aliusikia.

"Sheikh! Miwani!"

Sheikh akajigusa usoni. Pua ilikuwa tupu.

"Iko wapi miwani?"

"Simamisha mashine, Abrahman!"

"Ikisimama ghafla inaunguza filamu!"

"Iunguze!"

"Ikiungua hatutajua milele!"

Na huku wanabishana, kule kwenye kitambaa Malkia wawili walikuwa washainua vikombe viwili.

"Mwekundu hakunywa!" alipiga kelele Thuwaini. "Mashahidi wangu nyinyi, mwekundu hakunywa!"

"Wa kijani kanywa," alisema Abrahman. "Nimemwona koo linapanda na kushuka."

"Mke wako ni mmoja," alisema Sheikh, "Malkia ni wawili, na miwani hakuna. Mimi hapa siwezi kusema kitu."

Malkia akaanguka. Ukumbi mzima ukaangua kilio. Kwenye kilio hicho ikatoka sauti moja ya mwanamke mtu mzima, kavu, kali, inayotambulikana na kila mtu wa Mkunazini.

"Kanywa! Nilisema mimi! Kanywa na kikombe kakilamba!"

Huyo ni Bi Sheikha, mama yake Thuwaini. Toka ugomvi uanze, yeye ndiye mkubwa wa chama cha waliosema kanywa. Watu wakawa wananong'ona kwamba hampendi mkwewe na anataka aondoke.

"Mama!" aliita Thuwaini kutoka kidirishani. "Mama, wewe ulifumba macho! Ulinambia mwenyewe sehemu ile uliogopa ukafumba macho!"

"Nilifumba moja! Na hilo moja ndilo lililokuwa halina miwani!"

Hapo ikasikika sauti nyengine, ya chini, karibu kabisa na kidirisha. Ilitoka viti vya juu, vile vinavyopakana na chumba cha mashine.

"Thuwaini. Umekula?"

Thuwaini akaganda. Ilikuwa sauti ya Shariffa. Hajaisikia tangu siku aliyoapa.

"Sijala," alisema. "Tangu jana sijala. Wewe je?"

"Nimekula kidogo. Muhogo."

"Wa nazi?"

"Kimya nyote wawili!" alisema Sheikh Msabah. "Haijulikani kama nyinyi ni mke na mume au ni watu baki. Mpaka ijulikane, muhogo wa nazi usizungumzwe."

Lakini Thuwaini alikuwa kashapata nguvu. Akaupiga mlango komeo, akasimama mbele yake, akatandaza mikono.

"Hatoki mtu. Miwani imeibiwa humu humu. Abrahman, mkono wako uko wapi?"

"Nshakwambia, kwenye mashine. Angalia, nimeungua."

Kweli alikuwa kaungua. Thuwaini akamgeukia Pandu.

"Basi ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe! Umeona Sheikh ataona mkono, ukaogopa kunyoa masharubu! Unataka ndoa yangu ife kwa ajili ya nywele za pua!"

"Si za pua, ni za mdomo wa juu!"

"Vua kofia!"

"Sivui."

"Mwanamme mzima, mbele ya Sheikh, kwa nini huvui?"

Thuwaini akamrukia. Wakazunguka mashine, wakampita Sheikh, wakamzunguka tena. Thuwaini akaikamata ile kofia akaivuta. Ndani ya kofia pakalia: *praa!*

Miwani ikaanguka chini. Jicho la kijani lilikuwa zima. Jicho jekundu lilikuwa limechanika vipande vidogo, kama utepe wa harusi.

Hata Abrahman akaacha kupuliza kidole chake.

"Wewe si rafiki," alisema Thuwaini polepole. "Wewe ni nyoka."

Pandu akaketi juu ya ndoo ya mchanga. Nyinyi wasomaji nanyi mlikwishamhukumu, na mimi sikulaumuni. Lakini msikilizeni anavyosema.

"Bwege we," alisema Pandu. "Bwege mkubwa. Mimi nimemwona Malkia kanywa. Nimemwona kwa jicho langu. Basi nikafikiri, Sheikh akitazama kwa macho mawili, jicho lake la kijani litaona kama langu, atasema kanywa, na Shariffa kaachika. Nikasema bora nisimpe nafasi ya kuona. Nimeiba kwa ajili yako, Thuwaini! Mimi nataka wewe ushinde!"

"Unataka mimi nishinde?"

"Wallahi. Toka wiki jana naomba dua ninyolewe masharubu."

Thuwaini akamtazama. Macho yakamjaa maji. Akamkumbatia Pandu juu ya ile ndoo, ndoo ikapinduka, mchanga ukamwagika kwenye viatu vya Sheikh.

"Mapenzi mazuri," alisema Sheikh Msabah, akikung'uta miguu. "Lakini sasa mmeniachia jicho moja, kama wenzangu wa mjini. Na kipande chenyewe kimeshapita. Malkia kashaanguka, huyo hapo wanamfunika."

"Naweza kurudisha nyuma," alisema Abrahman.

Wote wakamtazama.

"Mashine hii ni kuukuu, ina kijiti hapa ubavuni. Nikikivuta, filamu inarudi nyuma ilikotoka. Sijapata kukitumia mbele za watu."

"Vuta!" alisema Thuwaini.

Abrahman akavuta.

Wanawake waliokuwa wanajifuta machozi wakaona shuka linamtoka Malkia. Malkia akainuka kutoka sakafuni bila kujishikilia, kama kavutwa na kamba ya mgongoni. Wakapiga mayowe. Mmoja akasema kafufuka. Mwengine akasema si yeye, jini lake hilo. Kisha Malkia akakishika kikombe, akakitia mdomoni, na mvinyo ukaanza kumtoka mdomoni ukirudi kikombeni mpaka kikajaa pomoni.

"Kakirudisha!" alipiga kelele Thuwaini. "Sheikh, umeona? Kakirudisha chote! Tone halikubaki tumboni!"

"Lakini ili akirudishe lazima awe kakinywa," alisema Abrahman.

"Hakukinywa! Kakiweka tu!"

"Kakiweka wapi?"

"Shavuni!"

Kule chini ukumbi ukagawanyika upya. Walikuwapo waliosema kanywa na waliosema hakunywa, na sasa likazuka kundi la tatu, la waliosema kanywa lakini katapika, na kundi hilo ndilo lililokuwa na kelele kuliko yote. Bi Sheikha akawa anayasuta makundi yote matatu kwa zamu.

"Sheikh," alisema Pandu kwa unyonge, "mtu akinywa kitu kisha kikarudi chote, vilevile kilivyokuwa, safi, anahesabiwa kanywa?"

Sheikh Msabah alifikiri. Aliuliza kama mvinyo ulibadilika rangi. Abrahman akasema filamu yenyewe haina rangi ila hizo mbili za miwani. Sheikh akafikiri tena, kisha akatikisa kichwa.

"Acheni. Mimi sihukumu ndoa ya watu kwa dunia inayokwenda kinyumenyume. Abrahman, irudishe mpaka kabla ya nguzo, uisimamishe taratibu isiungue. Nitatazama ikienda mbele, kama Mungu alivyoumba mambo. Lakini nataka jicho jekundu."

"Ukumbini yamejaa," alisema Pandu. "Nusu ya wanawake wanalo."

"Waombeni."

Thuwaini akaweka mdomo kidirishani. "Jamani, mama zangu, dada zangu! Sheikh anaomba jicho jekundu!"

Kila mwenye jekundu akalifunika kwa kiganja.

"Tukikupa jicho na sisi tutatazama nini?" aliuliza mmoja.

"Mimi nimelala njiani kuja kutoka Mangapwani kwa ajili ya jicho hili," alisema mwengine. "Simpi mtu."

Shariffa akasema, "Mimi ningekupa. Langu ni la kijani."

"Usiseme naye!" alisema Sheikh.

Hakuna aliyetoa. Abrahman akatazama mashine aliyoisimamisha. Ikisimama muda mrefu na taa imewaka, filamu itaungua, na kila mtu humo ndani alikuwa anajua. Harufu ya moto ilikuwa ishaanza kutoka.

Sheikh Msabah akainama kidirishani kuangalia kama kuna atakayemhurumia. Mara, kutoka chini ya ile kanga, ukatokea mkono. Mkono mnene, wenye bangili na hina, ukapanda taratibu mbele ya macho yake.

"Mkono!" alisema Sheikh. "Nimeuona mkono! Thuwaini, nimeuona, Malkia hakunywa!"

"Si huo, Sheikh," alisema Thuwaini. "Huo wa mama."

Kweli ulikuwa wa Bi Sheikha, keshapanda viti vya juu. Katikati ya vidole vyake alikuwa kashika kipande cha karatasi, jicho jekundu, zima, halina hata kunjo.

"Chukueni upesi kabla sijabadili nia," ilisema sauti yake kutoka nyuma ya kanga.

"Mama! Wewe ndiye unayesema kanywa!"

"Nasema kanywa kwa sababu kanywa; langu ni la kijani, hili nimempokonya jirani. Lakini jana usiku nimelala nikafikiri. Mkeo akiachika, wewe utakwenda kukaa wapi?"

Thuwaini akafikiri. "Kwako, mama."

"Na kasuku?"

"Na kasuku."

"Na masaa yako mabovu yanayolia kila moja kwa wakati wake?"

"Nayo."

"Basi ndiyo nikasema, Yarabi, huyu Malkia na asinywe. Chukua jicho. Mwanamke yule ana subira, na mimi sina."

Kutoka viti vya juu Shariffa akacheka. Ni kicheko kifupi alichokibana kwa mkono, lakini Thuwaini alikisikia.

Pandu hakungoja kuambiwa. Mshona suti hatembei bila sindano, na yake ilikuwa ukosini mwa shati na uzi wake. Akakaa sakafuni, akalishona jicho la Bi Sheikha kwenye lile la kijani.

"Jekundu kushoto au kulia?"

"Kushoto," alisema Abrahman. "Fanya haraka, taa inachemka."

"Nakaza fundo."

"Usikaze fundo! Hii si suruali!"

Pandu akakata uzi kwa meno. Miwani ikapanda kwenye pua ya Sheikh Msabah, na safari hii Sheikh mwenyewe akaishikilia kwa mikono miwili. Abrahman akaiachia mashine.

Hata yule mtoto akanyamaza.

Waziri akatia sumu. Akacheka kicheko chake kibaya. Malkia akasogea penye nguzo, gauni linaburuzika nyuma kama zulia. Akageuka kumtazama mwanawe kwa mara ya mwisho. Thuwaini alikuwa kafumba macho, anasoma dua huku kaushika mkono wa Pandu. Pandu naye alikuwa kayashika masharubu yake kama anayewaaga wasafiri.

"Eh," alisema Sheikh.

"Nini?"

"Nguzo imetoka nje. Nguzo iko hapa, nusu ya chumba. Naweza kuigusa."

"Usiiguse, Sheikh! Nyuma ya nguzo kuna nini?"

"Ngoja nichungulie."

Sheikh Msabah akanyoosha shingo, akachungulia ubavuni mwa nguzo ambayo haipo. Akakaa hivyo. Halafu akashusha pumzi.

"Mkono," alisema.

"Wa mama?"

"Si wa mama yako. Huu mwembamba, una pete. Ni wa kijakazi wake. Umetoka nyuma ya nguzo, umekichukua kikombe chenye sumu, umeweka chengine. Sasa anakinywa hicho chengine. Na sasa anaanguka, lakini anaanguka huku jicho moja kalifungua kidogo. Mwanamke huyu anajifanya!"

"Sema kwa sauti, Sheikh! Sema wasikie!"

Sheikh akaweka mdomo kidirishani. Alisema kwa sauti ile ile anayosomea hotuba.

"Malkia hakunywa sumu. Sharti aliloliweka Thuwaini halikutimia. Talaka haikuanguka. Shariffa ni mke wake, tangu siku ile mpaka leo."

Wasomaji, sijui niwaelezeje vile vigelegele. Waliosema kanywa walipiga, na waliosema hakunywa walipiga, na lile kundi la katapika lilipiga kushinda wote. Karanga ziliruka. Shariffa aliinama kitini akaufunika uso kwa mtandio wake, na mabega yakawa yanatikisika.

Pandu akatoa mkasi mfukoni mwake. Akakata upande mmoja wa masharubu hapo hapo, akaliangalia fungu la nywele kiganjani, akalitia mfukoni.

"Mubaraka," alisema.

Thuwaini alikuwa analia na kucheka pamoja. Akaipokonya ile miwani kwenye uso wa Sheikh akaivaa. "Na mimi niuone mkono! Na mimi niuone!"

Lakini mkono ulikuwa ushapita. Filamu ilikuwa imefika kwenye vita, mwana wa Malkia anapigana na Waziri juu ya ngazi. Waziri akarusha jambia. Jambia likatoka kitambaani, likapita juu ya vichwa vya wanawake, likamjia Thuwaini baina ya macho. Thuwaini akajitupa chini, akapiga kisogo kwenye meza.

Sheikh Msabah akamwinua.

"Mimi kabla ya umeme kukatika nimeinama bure mara chungu nzima, angalia nundu hii," alisema. "Usiiname, kijana. Chochote kitakachokujia kutoka kidirisha hiki ni picha tu. Simama kama mwanamme."

Thuwaini akasimama kama mwanamme. Yakaja mapanga, hakuinama. Likaja tufe la moto, hakuinama. Akapata raha. Akatabasamu. Furaha ikampanda kichwani mpaka ikafika kule inakofikia siku zote, kwenye ulimi.

Akaing'oa ile kanga. Akatoa kichwa kizima nje ya kidirisha, miwani usoni. Wanawake wakapiga mayowe, wakakimbilia mabuibui yao. Yeye hakuona mwanamke yeyote ila mmoja, pale viti vya juu, hatua chache kutoka kwake, nusu mwekundu na nusu kijani.

"Shariffa! Mke wangu!"

"Rudi ndani, Thuwaini," alisema Shariffa. "Watu hawajajistiri."

"Nimetubu, Shariffa! Sitakutia tena katika maneno ya ulimi wangu!"

"Nimesikia. Rudi ndani. Twende nyumbani ukale."

Angerudi ndani hapo, wasomaji wangu, hadithi ingekwisha na mimi ningepumzika.

"Siapi tena!" alisema Thuwaini. "Mashahidi nyinyi nyote! Wallahi siapi tena maisha yangu! Na nikiapa tena, basi—"

"Thuwaini!" Sheikh alimshika kanzu. "Nyamaza! Hicho unachokisema hivi sasa ni kiapo!"

"—nikiapa tena, basi mke wangu—"

"Mvuteni!" alilia Bi Sheikha. "Kasuku, jamani! Kasuku atakuja kwangu!"

Pandu akamvuta mguu wa kulia. Abrahman akamvuta wa kushoto. Mabega yalikuwa yamekwama kidirishani, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma.

Shariffa hakupiga kelele. Aliinama. Akavua kiatu chake cha kisigino, kile cha harusi, akakipima mkononi, akakirusha.

Kiatu kilikwenda kinazunguka ndani ya mwangaza wa mashine. Kivuli chake kikaanguka kitambaani, kikubwa kuliko ngome ya Malkia.

"Inama!" alipiga kelele Pandu.

Thuwaini alikiona kinamjia. Kilikuwa kizuri, nusu chekundu, nusu kijani. Hakuinama. Alitabasamu, akafungua kinywa chote ili alitoe lile neno la mwisho, na kiatu kikaingia mdomoni.

Miwani ikaruka. Mguu wa Thuwaini ukaipiga mashine, ikazima.

"Kalisema?" Sheikh Msabah aliuliza kwa sauti ya kunong'ona. "Pandu, neno lilitoka kabla ya kiatu kuingia, au kiatu kiliingia kabla ya neno kutoka?"

"Mimi nilikuwa mguuni, Sheikh."

"Abrahman?"

"Mguuni vilevile."

Ukumbini, waliokaa upande wa kulia wakasema kwa pamoja, "Kalisema!" Na waliokaa upande wa kushoto wakasema, "Hakulisema!"

Shariffa alibaki amesimama kati yao, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, anakitazama kile kidirisha, anangoja kuambiwa kama bado ana mume.